Lenzi za macho zinagoma kutoka usiku, wenye uzoefu Arusha/Moshi naombeni msaada

Nai_Sakina

Habari za jioni wapendwa. Niko Arusha, Sakina, naomba kuwauliza wanaovaa lenzi za macho na wataalamu kama mpo humu. Nimeanza kuvaa lenzi laini zile za mwezi mzima, namba yangu ni minus nne macho yote, nilipimwa vizuri na nikafundishwa kuvaa na kutoa palepale ila foleni ilikuwa ndefu mafunzo yakaenda mbio, na ukiwa na mtu anakuelekeza pembeni kila kitu unaona rahisi. Kuvaa asubuhi sahivi naweza. Kutoa usiku ndo mtihani.

Nafanya kazi mapokezi hotelini, AC iko juu ya kichwa changu na kompyuta mbele siku nzima, nikitoka hapo bodaboda mpaka nyumbani na vumbi la msimu huu mnalijua. Nikifika jicho limekauka lenzi imenata, naifinya inateleza, naifinya tena inateleza, jicho linakuwa jekundu na machozi juu, mara nyingine siioni kabisa nabaki nimesimama mbele ya kioo najiuliza imeshadondoka au imezunguka imeenda nyuma ya jicho. Inaweza kwenda nyuma kweli?

Halafu kuna hili la maji. Kwetu bomba linatoka siku kadhaa kwa wiki, maji yetu ni ya simtank. Dada ninayekaa naye ananiambia nisuuzie maji ya kunywa yaliyochemshwa nisimalize solusheni (ile dawa ya maji ya kusafishia na kuhifadhia lenzi) maana ni ya kutafuta mjini na bei yake sio ya mchezo. Na kuna siku nachoka kiasi kwamba nataka kulala nazo tu niamke nazo, hiyo ina madhara gani hasa? Naombeni mnijibu kama mdogo wenu, natishika.

Kijenge_finest

Dada mbona simple tu, chemsha maji weka chumvi kijiko acha ipoe hiyo ndo solusheni yenyewe, hata machozi si yana chumvi. Ikinata lowesha kidole na mate af vuta. Shemeji yangu alikua anafanya ivo.

mama_miwani_Moshi

Nai mdogo wangu pole sana. Mimi ni mtaalamu wa kupima macho, niko Moshi, optometria nimesomea hapa hapa hospitali ya KCMC na kuvalisha watu lenzi ndio kazi yangu, kwa hiyo naomba nianze na Kijenge_finest kabla watu hawajaenda jikoni kuchemsha maji.

Kaka, hayo maji ya chumvi ya nyumbani ni hatari, naomba mtu asiyatumie. Miaka ya 1980 kule Marekani watu walikuwa wanajichanganyia wenyewe maji ya chumvi ya lenzi majumbani, wakaanza kufika hospitali na ugonjwa wa konea (konea ni kile kioo cha mbele cha jicho) unaoletwa na mdudu anaitwa akantamiba. Ni ameba. Anaishi kwenye bomba, tangi, kisima, mto, bwawa, na akibanwa anajifungia kwenye ganda gumu ambalo klorini ya maji ya bomba haiwezi kulipasua. Akiingia chini ya lenzi na konea ikawa na mkwaruzo hata mdogo, anakula konea taratibu, na matibabu yake ni ya miezi mingi, wengine wanaishia kubadilishiwa konea au kupoteza jicho. Maji ya kuchemsha yanafaa kunywa, ila yakishapoa kwenye jagi na kata ikaingia na kutoka hayo tena sio safi kwa jicho, na hata yangekuwa safi hayana dawa ya kuua wadudu waliopo kwenye lenzi. Mate ndio usiseme, mdomo una bakteria kibao.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaelewi. Lenzi laini imetengenezwa kwa kitu kinachonyonya. Ikigusa maji ya kawaida inayanywa, inavimba, inabadilika umbo na inakamata konea. Yaani ukiisuuza na maji ili itoke kirahisi unaifanya inate zaidi.

Sasa kutoa. Nai, kwa jinsi ulivyoeleza nadhani shida yako kubwa ni vidole vibichi. Unanawa, unafuta juu juu, unaenda kufinya, kidole kina unyevu na lenzi ina unyevu, lazima iteleze. Nawa kwa sabuni ya kawaida isiyo na mafuta wala marashi makali, maji ya simtank kwa kunawa mikono hayana neno, kisha kausha mpaka kati ya vidole kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Toilet paper inaacha vumbi lake kwenye vidole, khanga mpya nayo inatoa manyoya. Mikono ikishakauka usishike kitu kingine, simu hasa.

Kabla hujagusa jicho hakikisha lenzi ipo. Ziba jicho moja kwa kiganja, angalia kitu cha mbali, kalenda ya ukutani inatosha. Kwa minus nne huwezi kusoma tarehe bila lenzi. Ukisoma, lenzi ipo mahali pake. Ukiona ukungu, usifinye! Hapo ndipo watu wanajiumiza, lenzi ilishadondoka au imesogea pembeni na mtu anaendelea kufinya konea tupu kwa kucha akidhani ni lenzi imenata. Jicho linauma na kuwa jekundu, anafinya zaidi.

Ikiwepo na jicho ni kavu, weka matone ya kulainisha yale ambayo chupa imeandikwa yanafaa kwa lenzi, mawili matatu, pepesa pepesa, kaa dakika tano ufanye mambo mengine. Sio sekunde tano. Kisha angalia juu, shusha kope la chini kwa kidole cha kati, weka kidole cha shahada kwenye ukingo wa chini wa lenzi uisogeze taratibu mpaka kwenye weupe wa jicho. Kama haitembei, ongeza matone usubiri tena. Ikitembea ndio unaifinya kwa nyama ya kidole cha shahada na dole gumba, hapo hapo kwenye weupe. Weupe hauna uchungu mkali kama konea na ukiukwaruza unapona upesi. Inajikunja yenyewe inatoka. Kucha zikate fupi, na zile za kubandika kwa mvaa lenzi ni kazi kubwa sana, mimi wateja wangu nawaambia wachague.

Na hapana, haiwezi kwenda nyuma ya jicho. Kuna utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, ukifika mwisho unageuka na kufunika kope kwa ndani, kwa hiyo njia imefungwa pande zote. Isipoonekana mara nyingi imejikunja juu, chini ya kope la juu. Weka matone, fumba jicho, papasa kope kwa nje taratibu bila kubonyeza, halafu angalia chini kabisa huku umeinua kope la juu mbele ya kioo. Utaiona tu. Ukihangaika sana isipatikane acha, kesho asubuhi nenda walikokupima wakuangalie.

Solusheni. Najua bei, lakini hapa hapana njia ya mkato. Kila usiku mimina ile ya jana yote, weka mpya, usiongezee juu ya ya zamani, kwa sababu dawa iliyomo ilishatumika na kuchoka. Mwaka 2006 kuna solusheni iliondolewa sokoni dunia nzima baada ya watu kupata fangasi wa konea, na katika uchunguzi tabia hii ya kuongezea ilikuwa moja ya vitu vilivyotajwa. Lenzi uiweke kiganjani, tia matone ya solusheni, isugue kwa kidole pande zote sekunde kama ishirini, isuuze kwa solusheni, ndio iingie kwenye kikopo. Hata kama chupa imeandikwa haihitaji kusugua, we sugua. Kikopo nacho asubuhi kisuuze kwa solusheni hiyo hiyo, sio maji, kigeuze kifudifudi kikauke, na kila miezi mitatu tupa chukua kingine. Na duka la dawa wakikuuzia maji ya dripu wakasema ni yale yale, sio yale yale. Yale yanasuuza tu, hayaui kitu.

Kulala nazo: hatari ya maambukizi ya konea inapanda mara sita hadi nane. Konea haina mishipa ya damu, hewa yake inaipata moja kwa moja kutoka nje, ukifumba jicho usiku inapata kidogo, ukiongeza lenzi juu inapata kidogo zaidi, inavimba, ngozi yake ya juu inalegea na wadudu wanapata mlango. Ukiwa umechoka, toa lenzi kwanza kabla hujakaa kitandani. Usianze na chakula.

Kijenge_finest

Daa asante mama kwa elimu, nimepokea. Ntamwambia na shemeji.

Zai_mpambaji

Naongezea upande wetu wa saluni maana Nai ni binti na msimu wa send-off na harusi ndo huu. Lenzi ndo zinavaliwa kwanza, make-up baadae, na usiku unatoa lenzi kwanza ndo unafuta uso. Ukigeuza utaratibu ule mkono wenye foundation na mafuta ndo unaingia jichoni. Wanja usipake ule mstari wa ndani kabisa kwenye ukingo wa kope, paka nje ya nywele za kope, ule wa ndani unaingia moja kwa moja chini ya lenzi na unaziba vile vitundu vya mafuta ya kope. Spray ya nywele fumba macho mpaka harufu itulie.

Na hizi lenzi za rangi jamani, za kijivu na kahawia, naomba niseme kwa uchungu kabisa. Mimi bibi harusi ambaye hajapimwa macho simvalishi hata alie. Kuna watu wanapitisha pea moja kwa bi harusi wiki hii, matron wiki ijayo, wanasuuza na maji ya kunywa ya chupa, ya Uhai, wanasema zimekuwa safi. Jicho la kila mtu lina mkunjo wake na upana wake, hata kama huna shida ya kuona lazima upimwe, na lenzi ya mtu mwingine haivaliwi hata dakika kumi za picha. Bi harusi akiitaka rangi aende akapimwe mapema kabla ya sherehe, ajizoeze kuvaa na kutoa mwenyewe. Sio asubuhi ya harusi watu wanne wamemshika kichwa.

mangi_wa_Machame

Habari ya asubuhi wote. Mimi ni guide wa mlima Kilimanjaro, na lenzi navaa miaka mingi sasa maana miwani na barakoa ya baridi vinatoa ukungu, natoka kambi ya Barafu usiku wa manane na wageni nahitaji kuona njia. Mama miwani amemaliza kila kitu mi naongeza ya vumbi na baridi kwa wale wenzangu wa kazi hizi.

Bodaboda Nai vaa miwani ya jua juu ya lenzi, hata ya bei rahisi, kioo cha helmet peke yake vumbi linapita chini. Na likiingia USIFIKICHE. Mtu akifikicha anakisaga kile kimchanga kati ya lenzi na konea. Shuka, kaa pembeni, kama una solusheni na mikono safi toa suuza rudisha, kama huna funga jicho subiri ufike. Mi kichupa kidogo cha solusheni na kikopo na miwani yangu ya namba haviondoki kwenye begi ninalobeba mwenyewe mgongoni. Sio kwenye mzigo anaobeba mpagazi, mpagazi ameshatangulia kambi mbele na wewe jicho limekukataa katikati ya njia.

Juu kule solusheni inaganda, usiku lala nayo ndani ya sleeping bag pamoja na kikopo. Hewa pale kileleni Uhuru, mita 5,895, oksijeni ni kama nusu ya usawa wa bahari, macho ya wengi yanakuwa mekundu na ukungu, ukiona hivyo toa vaa miwani hakuna ushujaa. Na sanitaiza jamani! Kila msimu nakutana na mgeni amepaka sanitaiza mikono haijakauka akaenda kushika lenzi, anapiga yowe kambi nzima inaamka. Sanitaiza sio kunawa, na ile spiriti lenzi inainywa. Wenye maji ya kubeba tu bora utoe kikombe kimoja unawe kwa sabuni ukauke vizuri kuliko kulazimisha. Pilipili ni hivyo hivyo, ukishakata pilipili kitunguu ukanawa mara moja bado ipo kwenye vidole, siku hiyo mwachie mtu mwingine jikoni.

Ah na kule chemchemi ya Chemka! Vijana mnaenda wikiendi mnaruka na kamba mle na lenzi machoni, maji yale ni mazuri mno lakini ni maji ya asili, huyo ameba aliyetajwa hapo juu ndo kwao. Toeni kabla ya kuingia. Kuoga nyumbani pia.

Lyimo_keratokonasi

Mimi navaa zile ngumu kwa sababu konea zangu zimechongoka mbele, tatizo lilianza na aleji ya macho utotoni nilikuwa nafikicha mno. Naweka neno moja tu, kile kipira kidogo cha kunyonya cha kutolea lenzi ni cha lenzi ngumu, nimeona watu wanashauri hata wenye lenzi laini wakitafute. Hapana. Na hata sisi tunaangalia kwanza kwenye kioo lenzi imekaa wapi, kipira kikinyonya konea tupu utajuta.

Nai_Sakina

Asanteni sana sana, sikutegemea. Jana usiku nimefuata kama mama alivyosema, nimekausha vidole, nikaziba jicho moja, la kushoto nilisoma kalenda vizuri nikaweka matone nikasubiri nikaisogeza mpaka kwenye weupe ikajikunja ikatoka mara moja nilishangaa. La kulia halikusoma, nikaangalia chini nikainua kope, ilikuwa imejikunja juu kabisa kama ulivyosema, nikaitoa polepole.

Ila leo asubuhi jicho hilo la kulia limeamka jekundu, linachoma nikiangalia dirishani na nahisi kama kuna mchanga. Sijavaa lenzi bado, nimevaa miwani. Duka la dawa hapa jirani wameniambia wana dawa ya matone ya jicho jekundu inakata wekundu siku hiyo hiyo. Ninunue? Na kesho nivae lenzi au nipumzike siku mbili?

mama_miwani_Moshi

Nai usinunue hiyo dawa na usivae lenzi jicho lolote. Nenda leo, sio kesho, hata kazini waombe ruhusa. Jicho la mvaa lenzi likiwa jekundu, linauma na mwanga unalichoma, hilo linaangaliwa na mtu mwenye mashine ya macho siku hiyo hiyo. Yale matone ya kukata wekundu mengine yanakuwa na steroidi ndani, deksamethasoni na ndugu zake, dawa za kutuliza uvimbe. Ukipata hayo wekundu utakwisha kweli na wewe utafurahi, huku kama kuna mdudu yuko chini anakula vizuri maana kinga ya jicho umeilaza. Usilifunge bandeji, usitie maji ya majani, asali wala maziwa ya mama, najua kuna wazee watakushauri.

Beba lenzi, kikopo na chupa ya solusheni uende navyo, wakishuku maambukizi wanaweza kuvipima. Waambie kabisa ukifika kwamba unavaa lenzi, watu wanasahau kusema na daktari anatibu kitu kingine. Watakutia rangi ya njano inayong'aa kwenye mwanga wa bluu ili mkwaruzo uonekane, haiumi.

Zai_mpambaji

Nenda mdogo wangu, utujulishe.

Nai_Sakina

Nimetoka sahivi. Ni mkwaruzo mdogo pembeni ya mboni, daktari anasema ni wa kucha, hakuna kidonda wala wadudu. Nimepewa matone ya antibayotiki, nirudi baada ya siku mbili waangalie na lenzi hakuna mpaka wao waseme. Wamenitia ile rangi, machozi yametoka ya njano mpaka kwenye kola ya shati la kazi. Kucha nimekata zote nikiwa kwenye foleni, nilimwomba mama mmoja kikatio. Mama miwani hizi lenzi nizihifadhi kwenye solusheni mpaka nipone au?

mama_miwani_Moshi

Afadhali, Mungu ni mwema. Kama maabara hawakuzichukua zitupe zote mbili pamoja na kikopo, ukiruhusiwa uanze na pea mpya na kikopo kipya. Chupa ya solusheni kama uliifungua hivi karibuni na mdomo wake haujagusa kitu endelea nayo, ila andika kwa kalamu tarehe uliyofungua, nyingi ukishazifungua mwisho ni miezi mitatu hata kama ndani imebaki. Na siku watakayokutia tena ile rangi usivae lenzi mpaka iishe yote jichoni, ikiingia kwenye lenzi laini haitoki.